Nani Aulizwe? Mwanafunzi, Mkutubi na Mswada katika Historia ya Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuandikwa kama historia ya watunzi na matini zao. Ni nadra kuandikwa kama historia ya kuuliza. Hata hivyo, hapana tahakiki ya utendi wowote wa kale ambayo haikuanza kwa mtu kumwendea mtu mwingine akitaka aoneshwe kitu: mswada uliokunjwa ndani ya kitambaa, droo ya kadi, rafu fulani, au mlango wa mzee fulani katika mji wa Lamu. Katika chuo kikuu cha leo anayeendewa ni mkutubi, na anayemwendea ni mwanafunzi ambaye mara nyingi amebakiwa na siku chache tu kabla ya kuwasilisha pendekezo lake la utafiti. Mkutano huo wa dakika tatu au nne kwenye kaunta huonekana kuwa jambo dogo la kiutawala, lisilohusiana na uhakiki. Makala haya yanadai kinyume chake. Anayeulizwa huathiri kinachopatikana, na kinachopatikana huathiri kinachohakikiwa. Sehemu kubwa ya ule mkondo unaofundishwa vyuoni kwa jina la ushairi wa kale wa Kiswahili ilitokana na maswali ambayo watu wachache waliwauliza watu wachache, katika mazingira ambayo mhakiki hana budi kuyajua.

Kabla ya kaunta

Mfano wa kwanza unatoka Mombasa. Mmisionari William Edward Taylor, aliyefika pwani mwaka 1880 akiwa mtumishi wa shirika la CMS, alitaka kuuelewa ushairi wa mji huo. Hakuwa na maktaba ya kwenda. Alikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mjuzi wa Mombasa, ambaye alizikusanya kutoka kwa wazee tungo za Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki yapata mwaka 1840. Mwalimu Sikujua mwenyewe alifariki mwaka 1890. Kazi aliyoifanya, akiwa amesimama baina ya maswali ya Taylor na kumbukumbu za wazee, ilikuwa kazi ya mkutubi kwa kila hali isipokuwa mshahara na kaunta. Alijua nani ana nini. Aidha, alijua kulifafanua neno ambalo lilikuwa limekwisha kutoweka katika mazungumzo ya kila siku.

Karatasi za Taylor ziliishia London, katika maktaba ya SOAS, yaani Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. William Hichens alizitegemea alipotoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Ndizo pia alizozirejelea Mohamed Abdulaziz katika kitabu chake juu ya Muyaka kilichochapwa Nairobi mwaka 1979. Mwendo huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Mashairi yalitungwa Mombasa, yakakusanywa Mombasa, yakahifadhiwa London, yakahaririwa kwa ajili ya mchapishaji wa Johannesburg, kisha mtaalamu wa Nairobi akalazimika kuyafuata huko huko London. Katika kila hatua palikuwa na mtu wa kuulizwa. Lakini mtu huyo hakuwa yule yule kiujuzi. Mwalimu Sikujua alijua maana ya kile alichokihifadhi. Mkutubi wa London alijua mahali kilipo. Huo ndio mpasuko ambao makala haya yanaukusudia: elimu ya mahali na elimu ya maana, zilizokuwa kwa mtu mmoja, zikatenganishwa na bahari.

Mfano wa pili ni mashuhuri zaidi, na una utata mkubwa zaidi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji, mwanamuziki na mwandishi wa hati za Kiarabu mwenye mkono ambao hata leo humvutia mtazamaji kabla hajasoma neno. Watafiti waliotaka tendi za kaskazini ya pwani walimwendea yeye: Alice Werner, ambaye alizuru Afrika ya Mashariki kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza na baadaye kufundisha Kiswahili London, Hichens, aliyeandikiana naye barua katika miaka ya 1930, na Ernst Dammann, Mjerumani aliyekaa Lamu mwaka 1936 na 1937 na kutoa mkusanyo wake wa tungo za Lamu mwaka 1940. Kijuma aliwanakilia. Alilipwa kwa kazi hiyo, na hapana aibu katika jambo hilo. Mnakili wa Lamu alikuwa fundi kama fundi mwingine yeyote. Lakini ulipaji una mantiki yake. Ulaya ilipoomba tendi za kale, tendi za kale ndizo zilizonakiliwa. Ulaya ilipopenda nakala nadhifu yenye mapambo, mapambo yaliongezwa.

Utendi wa Fumo Liyongo unaojulikana na wanafunzi wengi ni ule wa Kijuma wa mwaka 1913, ambao Abdilatif Abdalla aliuhariri na ukatolewa Dar es Salaam mwaka 1973. Liyongo mwenyewe ni wa masimulizi ya karne nyingi kabla ya hapo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza maktabani apewe 'Liyongo' hupewa, bila ya kuambiwa, jibu ambalo mwanachuoni mmoja wa Lamu alilitoa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Je, mkutubi anawajibika kumweleza hayo? Kwa maoni ya makala haya, naam, iwapo anayajua. Na iwapo hayajui, basi idara ya fasihi ndiyo iliyoshindwa kumwarifu. Mohamed Abou Egl aliandika tasnifu nzima juu ya maisha na kazi za Kijuma katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1983, na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu kinene juu yake mwaka 2010. Maarifa yapo. Hayajafika kwenye kaunta.

Inafaa kutaja, kwa kupita tu, kwamba Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Msham katikati ya karne ya kumi na tisa kwa ajili ya bintiye, ulitolewa na Werner na Hichens mwaka 1934 kwa anwani ya Kiingereza iliyoufanya kuwa mawaidha juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo ndiyo iliyoingia katika katalogi. Wahakiki wa kike waliokuja kuusoma utendi huo upya walilazimika kwanza kupambana na kadi ya maktaba.

Mwaka 1876

Mkutubi kama mtu wa kujibu maswali si wa kale sana, hata huko alikozaliwa. Katika vyuo vya Ulaya na Marekani vya karne ya kumi na tisa, mkutubi alikuwa mlinzi wa mali. Alisifiwa kwa vitabu ambavyo havikupotea. Badiliko linalokumbukwa zaidi lilitokea Oktoba 1876, wakutubi wa Marekani walipokutana Philadelphia na kuunda chama chao. Samuel Swett Green, mkutubi wa maktaba ya umma ya Worcester, alisoma hotuba juu ya uhusiano wa kibinafsi baina ya mkutubi na wasomaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mkutubi aone vibaya kumwacha muulizaji aondoke bila jibu, kama vile mwenye duka aonavyo vibaya mteja kutoka mikono mitupu. Lugha hiyo ni ya biashara, na mtu wa fasihi anaweza kuichukia kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ilimfanya msomaji kuwa mtu mwenye haja badala ya kuwa mwizi anayetazamiwa. Miaka minane baadaye, mwaka 1884, Melvil Dewey aliajiri katika maktaba ya Columbia, New York, watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuwasaidia wasomaji katika marejeleo. Ndipo 'sehemu ya marejeleo' ilipoanza kuwa mahali penye meza na mtu wa kuketi nyuma yake.

Ni huyo huyo Dewey ambaye katika mwaka ule ule wa 1876 alichapisha mfumo wake wa uainishaji wa desimali. Mambo haya mawili, mkutubi anayejibu na tarakimu inayopanga, yalikua kama ndugu wa nyumba moja. La kwanza lilimwambia msomaji aulize. La pili lilimwambia kwamba hana haja ya kuuliza, kwani kila kitu kina mahali pake. Ugomvi wao haujaisha.

Katika nchi zilizotawaliwa, aliyelifikiria swali hili kwa upana zaidi alikuwa S. R. Ranganathan, mwanahisabati aliyefanywa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Kanuni zake tano, zilizochapishwa mwaka 1931, zinasema kwa muhtasari kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake, kwamba wakati wa msomaji usipotezwe, na kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Kanuni ya tatu, ile ya kila kitabu na msomaji wake, ndiyo yenye uzito kwa fasihi ya Kiswahili, maana humtaka mkutubi ajiulize ni nani angekihitaji kitabu ambacho hakijaombwa na mtu. Miswada mingi ya Kiswahili imo katika hali hiyo.

Katika Nairobi ya mwaka huo wa 1931 maktaba ya McMillan ilifunguliwa, jengo zuri lenye nguzo na simba wa mawe, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Kizazi cha kwanza cha wanafunzi wa vyuo vikuu wa Kenya kilitoka katika jamii ambayo kwake mkutubi alikuwa mtu wa upande wa pili wa mlango uliofungwa. Jambo hili husahauliwa wanafunzi wanapolaumiwa kwa kutouliza.

Rafu ya PL na tarakimu 896

Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilidumu tangu 1963 hadi 1970, kikiwa na matawi yake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963. Kabla ya hapo ukutubi wa kitaaluma ulisomewa ng'ambo. Kenya ilipata kitivo chake cha taaluma ya habari katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1988. Wakutubi waliotoka katika shule hizo walirithi mifumo miwili mikubwa ya uainishaji, na ni vyema kueleza jinsi inavyoitendea fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa mwanafunzi hukutana na mifumo hiyo kabla hajakutana na mtu.

Katika mfumo wa Dewey fasihi ya Kiingereza ina kumi nzima, yaani 820 hadi 829. Fasihi zote za Kiafrika zimebanwa katika 896, ndani ya 890 ambalo ni fungu la 'fasihi nyinginezo'. Kiswahili kinapatikana baada ya nukta, 896.392. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kimo katika PL, pamoja na Kichina, Kijapani na lugha za visiwa vya bahari ya Pasifiki, kikianzia PL8701. Mwanafunzi wa Idara ya Fasihi anayelinganisha tamthilia ya Shakespeare na ya Ebrahim Hussein hulazimika kutoka rafu moja hadi nyingine, pengine ghorofa moja hadi nyingine, kana kwamba ulinganishi huo ni safari ya mbali. Hayo si makosa ya mkutubi aliyepo. Ni fikra ya karne ya kumi na tisa iliyogeuzwa kuwa mbao na chuma.

Majina yanaleta taabu zaidi. Katalogi ya kadi ilijengwa juu ya jina la ukoo. Waswahili hawana jina la ukoo kwa maana hiyo. Wana jina la mtu, la baba na la babu, na wakati mwingine nisba. Shaaban Robert, ambaye pia aliandikwa Shaaban bin Robert, huwekwa na katalogi nyingine chini ya S na nyingine chini ya R. Na mwanafunzi anayetafuta riwaya za Zanzibar hukabiliwa na Mohamed Said Abdulla, mtunzi wa Mzimu wa Watu wa Kale. Mohamed Suleiman Mohamed, mtunzi wa Kiu. Na Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Utengano. Wawili wa mwisho wamo katika droo moja, chini ya Mohamed, na wa kwanza yumo katika droo nyingine kabisa, ingawa ndiye mtangulizi wao. Kadi haimwambii mwanafunzi hivyo. Mtu angemwambia.

Ipo pia taabu ya jarida. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na chapisho lake ambalo lilianza kama taarifa ya Kamati, likaja kuitwa Swahili, na hatimaye Kiswahili. Kamati yenyewe ilihamahama, ikapitia Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kuingizwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama taasisi ya uchunguzi. Matini muhimu za tendi zilichapishwa katika kurasa hizo. Maktaba ambayo imezipanga nakala hizo kwa majina yake mbalimbali imeligawa jarida moja kuwa majarida matatu, na yule ambaye hakuelezwa hudhani kwamba toleo analolitafuta halipo.

Dar es Salaam ndiko kulikofanyika jitihada kubwa kabisa ya kuziunganisha tena elimu mbili zilizotengana. J. W. T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya na kunakili miswada na kunasa sauti kwenye tepu, na katalogi yake ya mkusanyo huo wa maktaba ya chuo ilichapwa Leiden mwaka 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Marcel van Spaandonck alikuwa ametoa bibliografia ya Kiswahili. Vitabu hivi viwili vilifanya kazi ambayo mkutubi wa kawaida asingeweza kuifanya peke yake. Lakini ni vitabu vya kigeni kwa lugha na kwa bei, na ni mwanafunzi yule tu aliyeambiwa na mtu kwamba vipo ndiye anayevitaka. Hapo tatizo linarudi pale pale lilipoanzia.

Swali linalopunguzwa

Mwaka 1968 Robert S. Taylor, ambaye hana uhusiano na yule mmisionari wa Mombasa, alichapisha uchunguzi juu ya jinsi maswali yanavyojadiliwa katika maktaba. Alieleza kwamba haja ya msomaji hupita ngazi nne. Kwanza ipo kama hisia isiyo na maneno. Kisha huwa na umbo fulani akilini, lakini lenye ukungu. Halafu hutamkika kama swali kamili. Mwisho hupunguzwa, yaani msomaji huibadilisha iwe kile anachodhani maktaba inaweza kukijibu. Ngazi hii ya nne ndiyo inayofika kwenye kaunta.

Mhakiki wa Kiswahili atautambua mara moja upungufu huo. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini sauti ya mama katika tendi fulani humnyima msomaji nafasi ya kubisha, hufika kaunta na kuuliza kama kuna kitabu juu ya ushairi wa Kiswahili. Mkutubi hujibu alichoulizwa: ndiyo, kipo, nenda PL8704. Hakuna aliyekosea. Mwanafunzi hukuta pale vitabu vile vile walivyovikuta wenzake wa miaka iliyotangulia, hunukuu kurasa zile zile, na msimamizi wake hulalamika kwamba tasnifu za siku hizi zinafanana. Zinafanana kwa sababu maswali yaliyozizaa yalipunguzwa kwa kiasi kimoja.

Kwa nini hakueleza zaidi? Constance Mellon, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986, aliwataka wanafunzi waandike jinsi walivyojihisi walipoanza kutafuta habari maktabani. Baina ya asilimia 75 na 85 ya wanafunzi katika kila darasa waliandika juu ya woga au kupotea. Waliamini kwamba wenzao wanajua, kwamba kutojua kwao ni aibu, na kwamba kuuliza kungeifichua aibu hiyo. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Msemo huo hutumiwa kama ushauri, lakini ukisomwa kwa jicho la mhakiki ni ushahidi: usingehitajika kama kuuliza kusingechukuliwa kuwa ujinga. Tena heshima baina ya mdogo na mkubwa, ambayo ni nguzo ya malezi katika jamii nyingi za Kenya, humfundisha kijana asimsumbue mtu mzima aliye kazini kwa jambo ambalo halijawa wazi kichwani mwake. Kutamka swali lenye ukungu mbele ya mtu mzima ni kukosa adabu. Kwa hiyo hulisafisha kwanza, na katika kulisafisha hulipoteza.

Hali hiyo ilizidishwa na wingi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mwaka 1990 wanafunzi wake wa kwanza waliingia katika vyuo vikuu vya umma. Madarasa ya Kiswahili yalifurika ilhali pesa za kununulia vitabu zikipungua. Katika miaka hiyo kaunta iligeuka kuwa mahali pa kugombania nakala moja ya kitabu kwa saa mbili. Mkutubi akawa tena mlinzi wa mali, kama kabla ya 1876, na hapana haki ya kumlaumu. Lakini wanafunzi wa wakati huo ndio walimu wa leo, na walichojifunza juu ya maktaba ndicho wanachokifundisha.

Maswali yasiyo na kitabu

Tarehe 24 Oktoba 1968 James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe na badala yake iwepo idara yenye Afrika katikati na fasihi simulizi kama nguzo. Waraka huo umejadiliwa sana kama tukio la mtaala. Haujajadiliwa kama tukio la maktaba. Kuanzia hapo mwanafunzi alianza kuuliza kitu ambacho hakikuwa kitabu. Aliyetaka vitendawili vya Wapokomo au nyimbo za jando hakuweza kuelekezwa rafuni, na vichwa vya mada vilivyotoka Marekani viliziweka tanzu hizo chini ya fokloo, neno ambalo wanafasihi wa Afrika Mashariki walikuwa wakilikimbia. Pio Zirimu wa Uganda alibuni istilahi mpya ya Kiingereza kwa fasihi simulizi. Katalogi haikuifuata mara moja.

Idara zilijibu kwa kuwatuma wanafunzi nyanjani na kuwataka warudi na kaseti. Kaseti hizo zikawekwa wapi? Katika makabati ya wahadhiri, mara nyingi. Mwanafunzi wa mwaka uliofuata alirudi kwa fanani yule yule kuuliza lile lile, na mkutubi, ambaye angeweza kumwonesha kazi ya mwenzake, hakuwahi kukabidhiwa.

Waliotafuta maana badala ya mahali waliendelea kuwaendea watu. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi kufariki kwake mwaka 2017, aliwapokea watafiti wa nchi nyingi, akawafasiria msamiati wa jahazi, wa mnazi na wa nyumba, na akaiachia lugha maneno kama runinga. London nako Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa kwa miaka mingi ndiye mtu wa kuulizwa juu ya miswada ya SOAS. Kwa kuwapo kwake karibu na maktaba hiyo, kilichotokea ni kwamba elimu ya maana ilifuata elimu ya mahali hadi ng'ambo. Ni jambo la kushukuriwa na la kuhuzunisha kwa wakati mmoja.

Katika kurasa za shukrani za tasnifu watu wa aina hii hutajwa kwa majina na kwa heshima. Mkutubi hutajwa pia, lakini kwa ujumla, kama 'wafanyakazi wote wa maktaba', baada ya mpigaji chapa na kabla ya jamaa.

Kisanduku kisichouliza

Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 SOAS imekuwa ikiziweka katalogi na picha za miswada yake ya Kiswahili katika mtandao, na miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Maktaba za vyuo vya Kenya ziliunda muungano wao mwaka 2003 ili kununua kwa pamoja majarida ya tarakilishi. Mwanafunzi wa Eldoret au wa Maseno anaweza leo kuutazama mkono wa Kijuma bila ya viza. Faida hiyo ni kubwa, na wanaoibeza hawakuwahi kuandika barua London na kungoja.

Lakini kisanduku cha kutafutia hakimwulizi mwanafunzi chochote. Mwalimu Sikujua bila shaka alimwuliza Taylor anataka nini hasa. Mkutubi mzuri wa marejeleo hufanya vivyo hivyo, na kwa maswali mawili matatu hulirudisha swali lililopunguzwa kwenye ngazi yake ya juu. Kisanduku hulichukua neno kama lilivyo. Na maneno ya Kiswahili hayana tahajia moja katika katalogi za ulimwengu: utendi na utenzi, Mwana Kupona na Mwanakupona, Inkishafi na Al-Inkishafi. Muhamadi Kijuma huandikwa Kijuma, Kijumwa na Kijumaa, akitanguliwa na Muhamadi, Mohamed, Mohammed au Muhammad, na pengine na bin Abubakar katikati. Mwanafunzi anayeandika Kijuma hupata sehemu moja ya kazi zake. Anayeandika Kijumwa hupata nyingine, na miongoni mwazo ni Liyongo wa 1973. Kila mmoja hufunga tarakilishi akiamini kwamba amekwisha kuona vyote vilivyopo, na mkutubi, aliyeketi hatua kumi kutoka hapo, hakuulizwa.